Seli Mia za Bogonko

Kila Ijumaa asubuhi muuza maziwa alisimama kwenye lango la Gesare, mtaa wa Oruba mjini Migori, akamimina maziwa ndani ya sufuria, kisha akangoja. Mwenye nyumba alitoka na kijiti chake cha kioo cha kupimia kama maziwa yametiwa maji, akakitumbukiza, akainama mpaka miwani ikakaribia kulowa. Kijiti kikikaa panapotakiwa, alichukua sufuria bila neno. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumkamata mtu huyo na hata tone la maji, na jambo hilo halikumtuliza hata kidogo. Aliona tu kwamba anashughulika na mjanja wa hali ya juu.

Joyline Gesare alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, Msabato wa benchi la mbele, na mtaalamu wa maabara katika hospitali moja pale mjini. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameinamia hadubini akisoma malaria, TB, minyoo, na mengine ambayo wenyewe hawakutaka yajulikane. Mgonjwa angeapa kwa Mungu kwamba hajala kitu tangu jana jioni, na damu yake ingetangaza chapati mbili na chai ya maziwa. Ukiishi na ushahidi wa namna hiyo kila siku, unaanza kuamini slaidi na kutoamini midomo. Gesare alifikia hapo mapema, akiwa bado mwanafunzi, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mchungaji akitangaza idadi ya waumini waliohudhuria, yeye alikuwa amekwisha kuwahesabu.

Mtu mmoja tu duniani alipita bila kukaguliwa. Huyo alikuwa mjukuu wake, Bogonko, mwenye mwaka mmoja na miezi minne. Alipewa jina la marehemu babu yake, mumewe Gesare, kwa hiyo kwa desturi ya Wakisii bibi na mjukuu walikuwa mke na mume. Gesare alimwita "mume wangu" mbele za watu, akamnunia akichelewa kuletwa, akamuuliza hadharani ni lini atarekebisha lile paa alilokufa akaliacha linavuja. Mtoto alicheka kwa fizi na meno yake sita. Gesare alimpenda kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho, na mtoto huyo alikuwa anaugua ugonjwa usiokuwa na jina.

Ulianza akiwa na miezi minane. Homa ghafla, pumzi za haraka haraka, mbavu zikiingia ndani, kifua kikikoroma. Alilazwa mara nne kwa nimonia. Akawekwa kwenye dawa za TB miezi sita ingawa hakuna aliyemwona mdudu mwenyewe, na Gesare alimtafuta mdudu huyo kwenye slaidi baada ya slaidi mpaka macho yakamwasha. Dawa zikaisha, homa ikarudi. Kila ilipoondoka ilimwacha mtoto mwepesi kidogo kuliko ilivyomkuta, na daktari wa zamu aliwahi kumwambia Gesare, kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi, kwamba mapafu ya mtoto hayawezi kuvumilia mambo haya mwaka mwingine.

Basi Gesare akaanza kutafuta mkosaji.

Alianza na mwanawe mwenyewe. Ombui alifanya kazi Macalder, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akirudi nyumbani mwisho wa wiki na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alimwamuru aoge nje na abadilishe nguo kabla ya kumgusa mtoto. Ombui, mtu mpole asiyependa kelele, alioga nje miezi mitatu, mvua na jua, na mtoto akaugua vilevile. Akafuata muuza maziwa, ambaye alipimwa mara mbili kila Ijumaa badala ya moja. Kisha macho ya Gesare yakatua mahali ambapo, kusema kweli, yalikuwa yakitaka kutua tangu harusi. Yalitua kwa Trizah, mke wa Ombui.

Trizah alikuwa fundi wa kushona nguo, Mjaluo wa Kosele kule Homa Bay, Mkatoliki kabla ya kuolewa. Msichana wa maneno machache. Hilo peke yake lilimtosha mama mkwe, kwa sababu mtu asiyesema anaficha nini? Gesare hakumtukana hata siku moja. Alimtazama tu. Alitazama jinsi anavyofua, anavyokata mboga, anavyomfunga mtoto mgongoni. Zaidi ya yote alitazama anavyomlisha. Trizah alimkalisha mtoto wima kama karani, akampa uji mzito wa kusimamisha kijiko, na hata maji ya kunywa alimpa kijiko kimoja kimoja, akingoja ameze ndipo alete kingine. Mtoto mzima wa mwaka na miezi! Gesare aliwasimulia wenzake kanisani kwamba kuna wanawake wenye uvivu wa kuosha kikombe.

Kwake yeye mambo yalikuwa tofauti. Tangu mtoto atimize miezi saba kulikuwa na makubaliano kwamba Trizah angemleta kila Ijumaa kabla ya jua kuzama na kumchukua Jumamosi jioni, ili damu ya Bogonko isikulie nje ya Sabato. Gesare alishika Sabato kwa ukali uliowashinda hata viongozi wake. Mchungaji mwenyewe alipasha chai. Gesare hakuwasha jiko, basi. Uji wa mtoto aliupika Ijumaa, wa wimbi na soya, akaufungia kwenye chupa ya chai. Asubuhi ya Sabato ulikuwa umeganda, kwa hiyo aliulegeza kwa maziwa aliyoyachemsha jana yake, na utando wake wa juu akaukoroga humohumo, mpaka ukawa mwepesi wa kunyweka. Akamlaza mume wake mkononi kwenye benchi la mbele, akampa kikombe katikati ya nyimbo, na mtoto akanywa chote bila kukohoa hata mara moja. Kisha alilegea macho yakiwa na machozi kidogo, machozi ya kushiba, akasinzia mpaka baraka ya mwisho.

Hapo ndipo Gesare alipokuwa na kesi yake. Kwa bibi mtoto alikula, akanywa, hakukohoa. Akirudishwa kwa mama yake, homa ilimpanda. Hesabu ya aina hiyo haihitaji hadubini.

Akabaki kutafuta kitu chenyewe, na alijua pa kukitafutia. Trizah alikuwa na tabia ya kwenda kwao Kosele na mtoto siku za katikati ya wiki. Kwa hiyo siku moja ya likizo Gesare aliaga kwamba anakwenda Rodi Kopany kumwona mwalimu waliyesoma pamoja, akapita Rodi Kopany bila hata kugeuza shingo, akatokea Kosele kwenye boma la Benta, mama yake Trizah, bila taarifa.

Benta alikuwa anaanika njugu karanga uani. Alimpokea kwa furaha ambayo Gesare aliiona ni nyingi mno kwa mtu asiyekuwa na la kuficha. Alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akamwomba radhi kwa nyumba chafu ambayo haikuwa chafu, akaanza kuhangaika na moto. Wakati huo macho ya mgeni yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye rafu. Kati ya chumvi na majani ya chai palikuwa na chupa ya mafuta mazito ya manjano.

Aliuliza ni nini, kwa sauti ya mtu anayejiulizia tu. Benta alieleza bila kusita kwamba ni mafuta ya mbuta, anayanunua kwa wanawake wanaokaanga samaki kule ufukweni, anajipaka magoti, na mjukuu wao akija na kifua anampaka kidogo mgongoni apate joto.

Gesare alisikia mafuta, akasikia mjukuu, akasikia kifua. Mengine hayakuingia. Alijua kwamba anayepaka leo kesho atanywesha, na kwamba mtoto akibanwa pua na kunyweshwa mafuta kwa nguvu, mafuta hayo hayaendi tumboni yote. Benta alipotoka kukamata kuku, Gesare, shemasi wa kanisa na mtumishi wa hospitali kwa miaka thelathini na miwili, alifungua mkoba wake, akatoa kichupa cha sampuli alichokibeba kutoka kazini, akaiba mafuta ya mwenzake. Kisha akala kuku na ugali, akasifu mchuzi, akarudi Migori na ushahidi kwenye mkoba na zawadi ya njugu mapajani.

Wiki iliyofuata alikuja Daktari Willis. Huyu alikuwa mtaalamu wa vifua vya watoto kutoka Kisumu, aliyefika pale hospitalini mara moja kwa mwezi. Alimpima Bogonko kwa muda mrefu, akasoma faili lote, akasema kwamba huenda tatizo si mdudu. Huenda kuna kitu kinachopaswa kwenda tumboni ambacho kinapotea njia na kuingia kwenye mapafu, kidogo kidogo. Alieleza namna ya kujua. Mtoto angetiwa usingizi kwa dawa, mpira mwembamba wenye taa ungepitishwa mpaka ndani ya pafu, maji safi ya chumvi yangemwagwa humo kidogo na kuvutwa tena nje. Ndani ya maji hayo kungekuwa na zile seli walaji, ambazo kazi yake ni kufagia mapafu na kumeza chochote kisichoalikwa. Zikitiwa rangi inayoshika mafuta, zilizomeza mafuta huonekana na vitone vyekundu tumboni. Zinahesabiwa seli mia moja, kila moja inapewa alama kuanzia sufuri hadi nne, kwa kadiri ilivyoshiba.

Trizah alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama mtoto ataumia. Gesare aliwaza kile kichupa chake, kwa furaha mbaya.

Kipimo kilifanywa, na safari hii, kwa kuwa alikuwa ndugu wa mgonjwa, Gesare alikatazwa kugusa sampuli. Kazi alipewa Marion, msichana mwangalifu aliyefundishwa na Gesare mwenyewe, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo Gesare hakumwamini. Marion alizungusha yale maji kwenye mashine, akatia rangi, akakaa kwenye hadubini asubuhi nzima na kifaa cha kuhesabia kwa kubonyeza. Alipata mia mbili sitini katika alama mia nne, akaandika. Alipotoka kwenda kula, Gesare aliketi mahali pake.

Alizoea kuona mambo mabaya ya watu wengine. Haya yalikuwa ya Bogonko. Seli zilikuwa zimejaa, moja baada ya nyingine, zimetapakaa vitone vyekundu mpaka kiini hakikuonekana, na vitone vyote vilikuwa ndani, havikuwa uchafu ulioelea juu. Alihesabu mia moja akiwa na machozi na hasira, akapata mia mbili hamsini na nne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukubaliana na mtu. Akafungua kichupa cha Kosele, akapaka tone kwenye slaidi nyingine, akalitia rangi ileile. Likawa jekundu.

Kabla ya saa nane alikuwa amempigia mwanawe. Alimwambia Ombui kwamba jibu limetoka, kwamba mtoto amejaa mafuta mapafuni, kwamba ananyweshwa mafuta ya samaki huko kwa wakwe zake, na mama yake anajua. Kwa hiyo Jumapili mtoto angehamia kwake, moja kwa moja, na Trizah angekuwa anakuja kumwona. Ombui akasema mama ndiye anayejua mambo ya hospitali. Jioni alimwambia mkewe kwa simu, na Trizah hakulia wala kubisha. Aliendelea kukunja nguo za mtoto, akazipanga vizuri, kama mtu anayetii amri.

Alhamisi wote walikutana kwenye chumba cha Daktari Willis. Trizah alikuwa na mtoto magotini, Ombui amesimama ukutani, Gesare amevaa koti lake jeupe la kazi. Daktari alisoma namba, akasema ni kubwa, akaanza kueleza kwamba namba peke yake haihukumu. Kuna magonjwa mengine ya mapafu yanayoweza kujaza seli hizi. Gesare hakungoja amalize. Aliweka kichupa mezani, akasema kilikotoka.

Trizah alikitazama kile kichupa. Akauliza polepole, "Mama, ulienda kwetu kuiba?"

Daktari alikiinua, akakinusa, akakirudisha. Alisema kwa upole kwamba rangi hiyo inashika mafuta yoyote, ya samaki, ya kupikia, ya maziwa, na kwamba seli haisemi mafuta yametoka jikoni kwa nani. Inasema tu kwamba yameingia. Alichotaka kujua yeye ni mtoto huugua siku gani.

Trizah alifungua mkoba. Mbali na kitabu cha kliniki alitoa daftari lake la oda za kushona, na humo, katikati ya vipimo vya mabega na viuno vya watu, alikuwa ameandika kila homa ya mtoto tangu ya kwanza. Daktari alizisoma kwa sauti. Jumapili jioni. Jumatatu. Jumatatu. Jumapili. Jumatatu asubuhi sana. Alisoma tarehe zote kumi na tatu, akainua macho.

Gesare alisema ni za kutunga. Mtu yeyote anaweza kuandika tarehe. Alisimama akasema kwamba hapo maabara kuna rejista isiyopendelea mtu, na kwamba anakwenda kuileta.

Ilikuwa mwendo wa hatua sitini. Alivuta rejista kubwa, kisha ya mwaka uliotangulia, akafuata mstari wa jina la Bogonko kwa kidole kama alivyowahi kufuata majina ya maelfu. Kila mtoto huyo alipougua, damu yake ililetwa hapo, na kila ilipoletwa aliyeipokea na kuiandika alikuwa yeye, kwa sababu hakukubali mwingine aiguse. Jumatatu. Jumatatu. Jumapili, siku aliyoitwa kutoka nyumbani. Jumatatu. Kumi na moja kati ya kumi na tatu ziliangukia siku hizo mbili. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa herufi za kulala aliofundishwa na walimu wa misheni, na hakuwa na namna ya kuushuku.

Alisimama na rejista kifuani. Alijaribu kwanza kuwafikiria akina mama wa kanisani, wanaopokezana watoto na kuwatia pipi mdomoni. Lakini alijua hakuwahi kumtoa mtoto mkononi. Akajaribu kumfikiria muuza maziwa. Kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye nyumba moja, kwenye siku moja, na aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ya mazishi ya mumewe.

Aliporudi hakuifungua ile rejista, na hakuna aliyemwomba. Nesi alikuwa amekwisha kuleta vikombe viwili. Daktari alitaka kuona mtoto akila. Kwanza alipewa uji mzito, amekaa wima kwa mama yake, na daktari akaweka kifaa chake cha kusikilizia pembeni mwa koo. Mtoto alimeza vizuri, akataka zaidi, akapiga meza kwa kiganja. Daktari akamwomba nesi amlaze kidogo mkononi na kumpa maziwa kwa kikombe.

Bogonko alikunywa. Hakukohoa. Macho yalilegea, yakajaa machozi kidogo, na alipotoa sauti ilitoka na majimaji, kama ya mtu anayeongea huku akisukutua. Daktari alisikiliza kifua, akamsimamisha nesi mara moja, akamwinua mtoto na kumpigapiga mgongo.

"Hapo yameingia," alisema. "Mmeona hajakohoa? Koo lake halimshtui. Mtoto anayekohoa mtamsaidia. Huyu anazama kimya."

Alieleza kwamba vitu vizito mtoto anavimudu, vyepesi ndivyo vinavyopotea njia, hasa akiwa amelala, na vikiwa na mafuta ya maziwa seli ndizo zinazobaki na mzigo. Mtoto angehitaji kutazamwa koo Kisumu, labda kuna tundu dogo alilozaliwa nalo. Lakini kabla ya hapo, alisema, kuna mtu anayempa vitu vyepesi kwa wingi, na huenda ni karibu na mwisho wa wiki. Akauliza ni nani.

Ombui alimtazama mkewe. Ilikuwa rahisi kumtazama mkewe, ndiko walikokuwa wakitazama wote kwa nusu mwaka. Trizah aliinamisha kichwa juu ya nywele za mtoto. Gesare alimwona akinyamaza na akaelewa kwamba ataendelea kunyamaza, hata mtoto achukuliwe, kwa kuwa hakuna mke katika ukoo ule aliyewahi kusimama mbele ya mwanamume wa nje na kumtaja mama mkwe wake. Kile kichupa cha manjano kilikuwa bado mezani. Kama na yeye angenyamaza, kingebaki pale, na kosa lingekuwa la watu wa Kosele. Angeacha tu kumpa mtoto maziwa, mtoto angepona mikononi mwake, na mji mzima ungesema Gesare alimwokoa.

Aliliona jambo hilo lote kwa uwazi, kama anavyoona slaidi iliyosafishwa vizuri. Na lilimvutia. Ni lazima lisemwe, lilimvutia.

"Ni mimi," alisema.

Ombui hakuelewa, ikabidi arudie. Akaeleza yote kwa daktari, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti, uji wa Ijumaa na kuganda kwake, maziwa, utando aliouongeza kwa sababu aliyataka yawe na nguvu, kikombe kizima kwenye benchi la mbele, mtoto amelala mkononi. Kila Sabato, miezi tisa, isipokuwa zile alizokuwa amelazwa. Alipofika kwenye machozi ya kushiba alivua miwani, na kwa mara ya kwanza mwanawe alimwona akilia bila kujificha. Alisema alidhani ni furaha. Daktari hakumlaumu. Alisema ni watu wachache ambao wangejua.

"Wewe ulijua?" Ombui alimuuliza mkewe.

Trizah alimgeukia mama mkwe, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu tu.

"Nilikuambia, Mama. Mwezi wa nne, pale kwa mlango yako. Nikasema hii mtoto hawezi kunywa vitu nyepesi, nimemwangalia. Ukaniuliza kama huko kwetu tuko na maabara."

Gesare alijaribu kukumbuka. Alikumbuka mlango, alikumbuka mkoba wa nguo za mtoto, alikumbuka kwamba msichana alisema kitu. Hakukumbuka ni nini. Alikuwa anatazama mikono ya msichana huyo kama ni safi.

Alisema, na alikuwa akimaanisha, kwamba mtoto asiletwe tena. Si Jumapili, si Ijumaa. Alimsukumia Trizah kile kichupa amrudishie mama yake, akasema ataenda Kosele mwenyewe kuomba radhi. Trizah alisimama, akamfunga mtoto mgongoni kwa ile leso ya maua, akakaza fundo, akalijaribu kwa mikono miwili.

"Nitamleta, Mama. Yeye anakupenda," alisema. "Ijumaa tutakuja. Lakini mimi nitakaa na yeye mpaka Jumamosi, na kila kitu ataingiza kwa mdomo nitaona kwanza."

Gesare alielewa kwamba atachungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, jikoni kwake, kwenye benchi la kanisa lake, na kwamba kila kikombe atakachokishika kitatazamwa. Alisema sawa, akauliza tu watafika saa ngapi.